Chupa ya Baridi

Saa kumi na moja alfajiri, Sabasaba,
nimeshika kibendera nilichokishona kwa pindo la leso
na orodha ya watu saba.
Mghanga anapasha injini. Heta ya gari ni mbovu,
lakini nani Mombasa amewahi kuuliza heta?

Saba tu. Ndivyo ninavyoziuza safari zangu:
kikundi kidogo, hakuna kusukumana,
kila mtu na dirisha lake,
mchana mko juu ya milima ya Taita, Isha mko kwenu.

Bi Rukiya na dadake, masweta mawili mawili
yanukayo dawa ya nondo.
Taherali fundi saa, na mkewe aliyepakata sambusa.
Maharusi wa wiki mbili, wanaozungumza kwa magoti.
Na mzee Shebwana, karani wa bandari mstaafu,
peke yake, na chupa ya chai, tupu.

"Chai tutanunua njiani, mzee."
"Hii si ya chai."

Baada ya Mwatate barabara ilianza kujikunja
kama utepe wa fundi cherehani uliotupwa sakafuni.
Masikio yakaziba.
Bi Rukiya akasoma Ayatul Kursi kila kona,
na kona hazikuisha.

Wundanyi: mabati yenye kutu, kabichi mpaka kizingitini,
ukungu unaingia dukani bila hodi.
Nikasema niliyozoea kusema:
lile jabali ni Wesu, kule ni msitu,
hapa mnaweza kupiga picha.
Nina maneno ya dakika arobaini, yote kwa moyo.
Kisha nikahesabu.
Sita.

Nikahesabu tena, kama mtu aliyepunjwa chenji.
Sita.

Nilimkuta nyuma ya soko, kando ya kijito,
amechutama, suruali ameikunja,
chupa iko wazi, mdomo wake ameuelekeza kwenye upepo.
"Unateka maji, mzee?"
"Maji hata Majengo yapo, mifereji ikipenda."
Akanyamaza kidogo.
"Fatuma hajatoka nje mwaka wa nne huu.
Juzi stima ilipopotea, feni ikasimama,
akaniambia: Shebwana, nimesahau baridi ikoje."
Akafunga kifuniko. Akakaza.
Akakaza tena.

Mimi ni mtembeza wageni, nina cheti ukutani.
Ningeweza kumweleza habari za hewa,
na njia ya saa nne, na jua la Maungu.
Nikamwambia, "Iweke upande wa kivuli."

Mariakani joto likaturudia,
kwanza shingoni, kisha nyuma ya magoti.
Masweta yakavuliwa moja moja, hakuna aliyesema kitu.
Changamwe malori yametanda, harufu ya dizeli na mahindi ya kuchoma,
na pale Makupa jasho likatupokea
kama mwenye nyumba aliyenuna kwa kuachwa.
Bwana harusi amelala mdomo wazi.
Mzee ameipakata chupa kwa mikono miwili,
gari likiruka tuta anaiinua juu,
gari likitua anaishusha taratibu.

Kwa desturi nawashusha stendi, kila mtu na njia yake.
Usiku ule nilimfikisha mpaka chumbani.
Bi Fatuma alikuwa ameegemezwa mito mitatu,
kanga imemganda mabegani,
feni inazunguka kama inayolazimishwa.
Mzee hakumsalimu hata.
Alipiga goti, akaiweka chupa karibu na shavu lake,
akafungua.

Sikuhisi kitu. Niseme kweli, sikuhisi kitu.
Bi Fatuma alifumba macho.
Pua ikacheza.
"Mbona yanuka kabichi," akasema.

Mzee akanitazama mimi, si yeye,
kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.
Mkono wa mkewe ukapapasa shuka,
ukatafuta kifuniko, ukakipata.
"Funga, Shebwana," akasema.
"Tusiimalize leo."